Mpaka wa shamba nao ni shamba

Wiki hii tunawaalika safarini. Si safari ya mbali. Ni ile barabara tunayoijua wote, inayotoka Bukavu kuelekea kaskazini na kupita Mudaka, Miti na Kavumu, ziwa likiwa upande wa kuume na milima upande wa kushoto. Kwa kawaida tunaipita tumebanana ndani ya gari, mtoto mgongoni, hesabu ya soko kichwani, na macho hayaoni kitu. Safari hii tuliipita polepole, tukishuka na kutembea kila tulipoweza, tukitazama kitu kimoja tu: kile kinachoota kwenye mipaka ya mashamba.

Tulikuwa na sababu. Katika mikutano yetu ya likelemba kuna lalamiko linalorudi kila mara. Maboga yanatoa maua mengi lakini matunda ni machache. Marakuja yanachanua vizuri, kisha maua yanaanguka. Mama mmoja anasema udongo umechoka, mwingine anasema mvua siku hizi haieleweki, wa tatu anasema ni ugonjwa. Wote wana ukweli wao. Lakini kuna sababu nyingine isiyosemwa sana, na ndiyo tuliyoitafuta njiani: wale wanaofanya kazi ya kuzalisha matunda, yaani nyuki, vipepeo na ndege wadogo, wamekosa mahali pa kula na kulala.

Udongo usio mkavu, usio kinamasi

Bukavu iko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, na mvua yetu inaanza Septemba hadi Mei. Juni, Julai na Agosti ni kiangazi. Kila mlima wa kwetu una udongo wa namna tatu. Juu kwenye mgongo wa mlima, maji yanakimbia na udongo unakauka upesi. Chini kabisa kwenye bishanga, maji yanasimama na mguu unazama. Katikati, kwenye mteremko, ndipo sisi wengi tunapolima: udongo unanyeshewa, unakunywa, halafu maji ya ziada yanaondoka yenyewe.

Udongo huo wa katikati unautambua kwa mkono. Siku mbili baada ya mvua, chota konzi moja na uibane. Ikimwagika kama unga, ni mkavu. Ikitoa maji kati ya vidole, ni kinamasi. Ikishikamana kama bugali lililopikwa vizuri, halafu ukiigusa kwa kidole ikaachana, huo ndio udongo tunaousema. Mimea yote tunayoitaja hapa chini kwa ajili ya mashamba yetu inaupenda udongo huo. Hakuna haja ya kununua mbolea kwa ajili yake, wala ya kuinyeshea baada ya mwaka wa kwanza.

Mudaka: somo la ua la boga

Siku ya soko, Mudaka ni mahali pazuri pa kuanzia. Maboga yamepangwa chini, avoka ziko kwenye vikapu, marakuja kwenye mabeseni, maharagi ya kila rangi kwenye mifuko. Tulijiuliza: katika chakula hiki, kipi kinamhitaji mdudu?

Maharagi hayamhitaji sana, maana ua lake linajizalisha lenyewe kwa sehemu kubwa. Mahindi yanategemea upepo. Muhogo tunaupanda kwa fimbo, na ndizi kwa machipukizi. Lakini boga ni habari nyingine. Mmea mmoja wa boga unatoa maua dume na maua jike. Ua jike unalijua kwa kaboga kadogo kaliko chini yake. Ua dume lina kikonyo kitupu. Lazima unga wa ua dume, unaoitwa chavua, ufike ndani ya ua jike, na upepo hauwezi kuubeba kwa sababu ni mzito na unanata. Nyuki ndiye mbebaji. Tena maua hayo yanafunguka asubuhi na kufunga kabla ya adhuhuri. Nyuki asipopita asubuhi hiyo, kale kaboga kadogo kanageuka manjano na kuanguka.

Kama unataka kuwaonyesha watoto, fanya hivi. Jioni tafuta ua jike litakalofunguka kesho, ulifunge kwa kipande cha kitambaa chepesi. Liache limefungwa hadi jioni ya pili, na ua jike lingine la jirani liache wazi. Baada ya wiki moja watoto watajua wenyewe tofauti, na hawatampiga nyuki tena kwa jiwe.

Marakuja nayo ina mbebaji wake. Ua lake ni kubwa, na nyuki mdogo anaweza kuiba utamu bila kugusa mahali panapotakiwa. Anayefanya kazi vizuri ni yule nyuki mkubwa mweusi anayevuma kwa nguvu na kutoboa mbao kavu ili azae ndani yake. Wengi wetu tunamfukuza kwa sababu anatoboa miti ya paa. Afadhali tumwachie gogo kavu pembeni mwa shamba, atalipendelea.

Lakini maua ya boga na ya marakuja hayako mwaka mzima. Kabla na baada yake, hao wafanyakazi wanakula nini? Hapo ndipo mpaka wa shamba unapoingia.

Miti: shamba la bwasa

Karibu na Miti tulisimama kwenye mteremko ambapo mashamba madogo yamepangana kama vitambaa vya kushonea kitenge. Mengi hayakuwa na mpaka wa mimea hata kidogo. Kulikuwa na mfereji mwembamba na majani makavu tu. Tulimkuta mama anapalilia maharagi, tukamsalimu, tukamwuliza kwa nini hapandi kitu pembeni.

Alisimama, akapangusa jembe, akasema: "Mama zangu, shamba hili ni la bwasa. Mimi nalima, msimu ukiisha naliacha. Nikipanda mti mwenyewe atasema nataka kumnyang'anya udongo wake. Ataning'oa mimi pamoja na mti."

Wasomaji wetu wa Bushi wanaelewa mara moja. Kwa desturi ya kwetu, mwenye kalinzi ametoa haki yake kwa mwami au kwa mkubwa wa udongo, naye na wanawe wanaweza kupanda ndizi na miti. Mwenye bwasa anakodi kwa muda, na anaruhusiwa mimea ya msimu tu. Mti ni alama ya umiliki. Na sote tunajua ni akina nani walio wengi katika bwasa: ni wajane, ni wamama wasio na mume, ni walioyakimbia makwao kwa sababu ya vita. Kwa hiyo kila mara mtu anapokuja kutuambia "pandeni miti", tujiulize kwanza: anamwambia nani? Nusu yetu hatuna ruhusa.

Tulikaa chini na mama yule, tukazungumza juu ya mimea isiyo miti. Ipo, nayo ni ya kwetu tangu zamani. Tulikubaliana juu ya mitatu.

Wa kwanza ni ule mmea mrefu unaoota kando ya njia, wenye shina la pembe nne na maua ya rangi ya machungwa yaliyopangwa kama mipira mmoja juu ya mwingine. Ndugu zetu wa Rwanda wanauita igicumucumu. Jina lake la kitaalamu ni Leonotis nepetifolia. Kila ua ni mrija mwembamba wenye asali ndani. Mrija huo ni kipimo cha mdomo wa chozi, yule ndege mdogo anayeng'aa, mwenye mdomo mrefu uliopinda kama sindano ya kushonea magunia. Mmea huu unaota kwa mbegu, unamaliza maisha yake ndani ya msimu, na hakuna mwenye udongo atakayeuogopa. Angalizo moja: mipira yake ikikauka inachoma, na mbegu zinamwagika kwa wingi. Upande pembeni, si katikati, na ukate mipira mingi kabla haijakauka kabisa, ubakize michache tu kwa mbegu ya mwaka ujao.

Wa pili ni muravumba, Tetradenia riparia, kichaka chenye majani laini yenye harufu kali, ambacho bibi zetu wanakijua kwa dawa ya kikohozi. Maua yake ni madogo sana, meupe au ya zambarau hafifu, lakini ni mengi kama povu, tena yanatokea wakati wa kiangazi ambapo nyuki wana njaa. Unaupanda kwa kukata tawi na kulichomeka. Ukitakiwa kuondoka shambani, unakata matawi na kuondoka nayo. (Tunarudia tunachosema daima: mtoto mwenye homa anapelekwa kwanza kwenye kituo cha afya. Majani hayachukui nafasi ya kipimo.)

Wa tatu ni mubirizi, ambao hauhitaji kujulishwa kwa mama yeyote wa Kivu. Vernonia amygdalina, majani machungu kuliko yote. Tumezoea kuukata kila mara kwa ajili ya dawa na kwa ajili ya mbuzi, kwa hiyo watu wengi hawajawahi kuuona ukichanua. Uache shina moja au mawili bila kukata. Utatoa vichwa vya maua madogo meupe, na nyuki watajaa hadi utasikia mvumo kabla hujaona maua. Ukikatwa chini unachipuka tena, kwa hiyo hata mwenye udongo mwenye wasiwasi anaweza kuukubali kama uzio, si kama mti. Lakini mwombe ruhusa kwanza, mbele ya shahidi.

Mama yule alituuliza swali zuri: "Na hao ndege hawatakula maharagi yangu?" Tulimjibu kwa ukweli. Wako ndege wanaoharibu: pasa wenye mkia mrefu wanakula machipukizi, na kwera wanapenda nafaka. Lakini chozi hali mbegu. Anakunywa asali ya maua, na anapokuwa na makinda anawalisha wadudu na buibui. Ndege wengi wadogo wanafanya hivyo: kinda halikui kwa mbegu, linakua kwa viwavi. Tangu mwaka 2016, yule kiwavi jeshi aliyetoka Amerika alipoingia Afrika na kushambulia mahindi yetu, kila mdomo unaokula viwavi ni mfanyakazi asiyedai mshahara.

Lwiro: miti ya mwenye kalinzi

Ukipita Kavumu, kabla ya kufika Katana, kuna njia inayopanda kushoto kwenda Lwiro. Majengo yale makubwa ya mawe na matofali yalijengwa wakati wa Wabelgiji kwa ajili ya taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1947; leo ni kituo cha utafiti wa sayansi za asili cha nchi yetu. Ndani yake kuna hazina ambayo wamama wachache wanaijua: mimea iliyokaushwa, ikabandikwa kwenye karatasi, ikaandikwa jina na mahali ilipotoka. Ni mimea ya milima yetu, imekusanywa kwa miaka mingi.

Ni jambo la kushukuru. Lakini mmea kwenye karatasi haulishi nyuki. Tulipotoka tulitazama kando ya njia, tukatafuta ipi kati yake ingali hai kwenye mipaka ya watu. Kwa mama aliye na kalinzi, au ambaye mume na wakwe wanakubali, kuna miti mitatu ya kutanguliza.

Upo mti wa maua mekundu, Erythrina abyssinica, ambao Warundi wanauita umurinzi na Wanyarwanda umuko. Gome lake ni nene lenye mipasuko, na matawi yana miiba. Katikati ya kiangazi, wakati kila kitu kimekauka, unaacha majani na kuwaka maua mekundu kama makala yaliyopulizwa. Hapo chozi wanakusanyika kutoka mbali. Mizizi yake inarudisha nguvu ya udongo kama maharagi yanavyofanya, na fimbo nene iliyochomekwa mwanzoni mwa mvua inaota. Lakini wamama, mbegu zake nyekundu na nyeusi ni nzuri kwa macho na ni sumu. Wenye watoto wadogo wanaookota kila kitu, msiuweke karibu na mlango.

Upo pia Markhamia lutea, umusave wa Wanyarwanda, wenye maua ya njano kama tarumbeta na maganda marefu yanayoning'inia. Nyuki wanauingia mpaka wanapotea ndani ya ua. Mti huu unafaa kwa mama mwenye hesabu: unatoa nguzo za nyumba, vijiti vya kushikilia maharagi na kuni, na ukikatwa unachipuka. Haunyonyi shamba, kwani kivuli chake ni chembamba.

Mwisho ni mkuyu wa kwetu, Ficus thonningii, ule uliopandwa zamani kwenye maboma ya wakubwa na ambao gome lake liliwahi kuwa nguo. Unapandwa kwa tawi nene. Maua yake hatuyaoni kwa sababu yamefichwa ndani ya tunda lenyewe, na kuna kanyigu kadogo sana kanakoingia humo kuyazalisha. Bila kanyigu hako hakuna mbegu ya mkuyu, na bila mkuyu kanyigu hako hakana pa kuzaa. Matunda yakiiva, ndege wa kila namna wanafika: wakubwa, wadogo, wa msituni na wa mjini. Wakishiba wanaruka, na wanakodondosha choo ndiko mbegu zinakoota. Mti huu unataka nafasi. Usiupande karibu na msingi wa nyumba.

Hapo Lwiro kuna pia kituo kinachotunza sokwe yatima walionyang'anywa wawindaji. Sokwe wametufundisha jambo juu ya mubirizi. Katika miaka ya 1980, kule Mahale, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania, watafiti walimwona sokwe mgonjwa akimenya shina la mubirizi na kunyonya maji yake machungu, mmea ambao sokwe wazima hawaugusi mara nyingi. Baada ya muda mfupi akapata nafuu. Kwa hiyo bibi zetu hawakuwa wajinga, na mpaka wa shamba ni zaidi ya uzio.

Tshivanga: benki ya mbegu

Tulirudi Miti na kupanda upande wa magharibi hadi Tshivanga, mlango wa Parke ya Kahuzi-Biega. Kimo kinapita mita 2,000, baridi inaingia kwenye kitenge, ukungu unakaa hadi saa nne za asubuhi. Parke iliundwa mwaka 1970, na mwaka 1980 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia, hasa kwa sababu ya sokwe wakubwa wa mashariki, wale tunaowaita ngila. Ndugu zetu Batwa, waliokuwa wakiishi humo na kuijua kila dawa, waliondolewa, na kidonda hicho hakijapona hadi leo. Hatuwezi kusifia msitu bila kuwataja.

Ukisimama pembeni mwa msitu unaona jinsi kazi inavyogawanywa. Juu kabisa kuna mti wa Symphonia globulifera, wenye maua madogo mekundu ya mviringo, na chozi wanaruka kati yake. Mmoja wao ni chozi wa milima hii ya Bonde la Ufa, dume mwenye kichwa cha kijani na tumbo jekundu lenye njano pembeni, mzuri hata unasahau baridi. Chini yake ni mianzi, na chini zaidi, kando ya vijito, maua laini ya rangi ya waridi yanayopenda maji.

Je, tuyachukue tukayapande Kadutu au Bagira? Hapana, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni sheria: mmea wa parke haung'olewi. Ya pili ni udongo: maua yale ya vijito yanataka unyevu na ukungu wa kila siku, na kwenye mteremko wetu yatakufa Juni. Kila mmea una mahali pake, kama vile muhogo hauoti kwenye kishanga.

Msitu ni benki ya mbegu. Lakini chozi mwenye gramu chache hawezi kuruka kutoka Tshivanga hadi ziwani bila kula. Anahitaji vituo, kama sisi tunavyosimama Mudaka kunywa chai. Mpaka wa mama wa Miti ni kituo. Mkuyu wa Kavumu ni kituo. Kichaka cha mubirizi nyuma ya nyumba Panzi ni kituo. Vituo vikikatika, ndege na nyuki wanabaki juu, na maboga yetu yanabaki chini bila wafanyakazi.

Na miti iliyotoka nje?

Tusiwe watu wa kuchukia. Mkaratusi na grevilea zilitoka Australia, nazo zinatupa kuni na mbao. Nyuki wanakula pia kwenye maua yake. Mama anayepika kila siku hawezi kuambiwa aung'oe mkaratusi wakati gunia la makala linapanda bei. Tithonia, lile ua kubwa la njano la kwenye uzio, lilitoka Meksiko, na majani yake ukiyafukia ni mbolea nzuri sana.

Lakini lantana, kile kichaka chenye miiba na maua ya rangi mbili, ni mgeni asiyeondoka. Ndege wanakula matunda yake na kuieneza kila mahali, na majani yake yanawadhuru mbuzi na ng'ombe. Hiyo tunaweza kuing'oa bila huruma, na mahali pake tuweke mubirizi.

Tofauti kubwa iko kwenye majani. Wadudu wengi wanaokula majani wanachagua mmea waliouzoea kwa vizazi vingi. Mti wa kigeni unaweza kuwa na maua na kivuli, lakini mara nyingi majani yake hayana kiwavi hata mmoja. Tunafurahi kwamba ni masafi, wakati kinda la ndege linalala njaa. Kwa hiyo mkaratusi ukae mahali pa kuni, mbali na chemchemi, na mpaka wa shamba urudi kuwa wa mimea ya kwetu.

Kazi ya msimu

Kwa vikundi vyetu, tunapendekeza hivi.

Mwezi wa nane: kusanyeni mbegu za igicumucumu na za Markhamia, zikaushwe kivulini, zihifadhiwe ndani ya karatasi, si ndani ya mfuko wa plastiki. Chagueni mama atakayelinda kitalu kimoja kwa ajili ya wote.

Mwezi wa tisa, mvua zikishika: kateni matawi ya mubirizi na muravumba yenye urefu wa mkono hadi kiwiko, myachomeke nusu ndani ya udongo, umbali wa hatua moja. Fimbo za mti wa maua mekundu ziwe nene kama mkono wa mtoto. Kwenye mteremko, pandeni kwa mstari unaokata mlima, si unaoshuka nao. Hapo mizizi itashika udongo, na mvua kubwa haitaubeba hadi ziwani.

Mwezi wa pili: rudisheni palipokufa. Palilieni kuzunguka miche michanga tu.

Mwezi wa sita hadi wa nane: msikate vyote kwa pamoja. Acheni theluthi moja ichanue. Huu ndio mwezi wa njaa kwa nyuki, na ndio mwezi ambao mpaka wenu unafanya kazi kuliko shamba lenyewe.

Kwa mwenye bwasa: mimea miwili ya kwanza tu, pamoja na mubirizi kama umeruhusiwa mbele ya shahidi. Kikundi kinaweza kwenda pamoja kumwona mwenye udongo na kumweleza kwamba uzio huu hauchukui haki yake, bali unamrudishia shamba lenye udongo. Mama mmoja akienda peke yake anaonekana mdai. Wamama kumi wakienda wanaonekana wageni, na mgeni anapewa kiti.

Tena asubuhi moja kila mwezi, kabla ya saa tatu, mama na mtoto wakae dakika kumi mbele ya mpaka wao na kuhesabu: nyuki wangapi, vipepeo wangapi, chozi wangapi. Mtoto aandike kwenye daftari. Leteni hesabu hizo kwenye mkutano, tutazisoma moja baada ya nyingine, Kadutu na Kabare, Bagira na Katana. Tutajua wapi vituo vimekatika, na matawi ya kupanda yatatoka kwa mama aliye nayo kwenda kwa mama asiye nayo, kama pesa ya likelemba.